Nyaya Tatu Zilizomponza Mpwa Wangu

Mpenzi msomaji, wahenga walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikujua ya kwamba ufa wenyewe waweza kuwa waya mwembamba kama uzi wa cherehani, uliofichwa chini ya kiti cha pikipiki. Nimelijua hilo kwa uchungu, na leo nataka nikusimulie. Kama una kijana wa bodaboda nyumbani, au kama wewe mwenyewe umefunga kifaa chochote cha umeme kwenye chombo chako, huenda maneno haya yakakuepusha na ukuta ambao familia yetu ililazimika kuujenga.

Dada yangu anaishi Ziwani, hapa Eastlands, katika zile nyumba za zamani zilizojengwa na baraza la jiji. Kutoka kwake hadi Shule ya Starehe ni mwendo mfupi wa miguu, na ukishuka upande wa pili unafika Kariokor, na kutoka hapo Gikomba si mbali. Mwanawe wa kwanza alipomaliza kidato cha 4 alizunguka na vyeti vyake kutafuta kazi kwa miaka miwili bila mafanikio. Mwishowe akafanya kama walivyofanya maelfu ya vijana wa nchi hii tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008: akaingia bodaboda.

Mnamo Juni 2023 alichukua mkopo katika chama chao cha akiba, mkopo wa miezi 18, akanunua pikipiki mpya. Mamake alimwekea masharti mawili. La kwanza, Jumapili isiwe siku ya kazi. La pili, afunge kile kifaa cha kuonyesha mahali pikipiki ilipo, ambacho vijana wanakiita traka. "Hiyo pikipiki ndiyo karo ya dadako," alimwambia. "Ikipotea, nasi tumepotea."

Kijana alitii yote mawili. Alinunua traka mjini, akamlipa fundi wa kando ya barabara, na kazi ikamalizika kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Simu yake ikaonyesha ramani, na juu ya ramani alama nyekundu: Ziwani. Sote tulishangilia.

Jumatatu za kimya

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja mwuza mitumba. Kila Jumatatu saa 11 alfajiri alimpeleka Gikomba ili awahi marobota yakifunguliwa, kwa maana anayechelewa huokota yaliyoachwa na wenzake. Basi baada ya wiki chache kijana aliamka Jumatatu, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akasikia "tik, tik," kisha kimya. Taa haikuwaka, honi haikulia. Pikipiki nyingine huwaka kwa teke hata betri ikiwa imekufa, lakini yake ilikuwa ya aina inayotaka umeme wa betri ndipo cheche ipatikane. Alipiga teke hadi jasho likamtoka. Mama wa mitumba akasimamisha bodaboda nyingine, akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata yakawa yaleyale. Akanunua betri mpya. Betri hiyo ilidumu kama miezi miwili, nayo ikaanza kulala kila Jumatatu.

Ndipo akaenda kwa fundi wa pili. Huyu alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Hiki kifaa chako kinakunywa umeme usiku na mchana. Nitakihamisha." Akaondoa nyaya za traka kwenye betri, akaziunganisha na waya unaopitia kwenye ufunguo. Sasa ukizima pikipiki, traka nayo inazima. Jumatatu iliyofuata pikipiki iliwaka mara moja, na kijana akamsifu fundi kwa kila aliyekutana naye.

Sifa hizo zilidumu hadi usiku wa Jumapili moja ya Machi 2024. Pikipiki ilikuwa imefungwa mnyororo uani. Walioichukua walikata mnyororo, na bila shaka waliisukuma polepole hadi barabarani, kwa kuwa hakuna jirani aliyesikia injini ikinguruma. Kijana alinipigia simu kabla ya jua kuchomoza, nami nilimkuta amesimama uani, simu mkononi, akitazama sakafu tupu.

"Mjomba," aliniambia, "simu inasema pikipiki iko hapa."

Na kweli, alama nyekundu ilikuwa palepale tulipokuwa tumesimama. Chini yake paliandikwa wakati wa habari za mwisho: Jumamosi, saa 2 usiku, alipozima injini na kuuchomoa ufunguo. Tangu wakati huo traka ilikuwa haijaongezewa umeme. Kabetri kadogo kaliko ndani yake, ambako kazi yake ni kukiendesha kifaa kwa saa chache tu, kalikuwa kameisha zamani. Tulipiga ripoti polisi. Hadi ninapoandika haya, pikipiki haijapatikana.

Betri ni mtungi

Nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi, maana kuna fundi mmoja aliyeua betri na mwingine aliyeiokoa betri akapoteza pikipiki. Nikamtafuta mzee mmoja wa jua kali karibu na Kariokor, ambaye amefanya kazi ya umeme wa magari tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alinieleza kwa lugha ambayo kila mkazi wa Eastlands anaielewa, lugha ya maji.

"Betri si kisima, ni mtungi," alisema. "Injini ikinguruma, mtungi unajazwa. Injini ikizimwa, bomba limefungwa, na chochote kinachodondoka hakirudi."

Mpenzi msomaji, tuchukue kalamu. Ukubwa wa betri hupimwa kwa ampea-saa. Betri ya gari dogo huwa na ampea-saa 40 au zaidi, lakini pikipiki nyingi za bodaboda hubeba betri ndogo mno. Tuseme ya mpwa wangu ilikuwa na ampea-saa 5. Traka ikiwa macho, ikisikiliza setilaiti na kutuma habari kwa mtandao wa simu, tuseme inatumia miliampea 50, yaani sehemu moja ya 20 ya ampea moja. Ni kidogo sana, hata hakiwezi kuwasha taa ya breki. Lakini kuanzia Jumamosi saa 2 usiku hadi Jumatatu saa 11 alfajiri ni saa 33. Zidisha 33 kwa 50, unapata miliampea-saa 1,650. Hiyo ni thuluthi moja ya mtungi mzima, na mtungi wenyewe mara nyingi haukuwa umejaa, kwa kuwa safari fupi fupi za mtaani, taa zikiwa zimewashwa, hazijazi betri vizuri.

Sasa ongeza jambo la pili. Betri ya risasi na tindikali haipendi kuachwa tupu. Kila inapokaushwa, risasi iliyo ndani hushika ugumu fulani ambao hauondoki wote ikijazwa tena, na mtungi unazidi kuwa mdogo. Betri iliyochoka ikibaki na ampea-saa 2.5 tu, zile 1.65 za Jumapili huiacha na kisichotosha kuzungusha injini. Ndiyo maana betri mpya ya mpwa wangu ilikufa baada ya miezi miwili. Haba na haba iliyojaza kibaba ndiyo hiyo hiyo iliyokimwaga.

Mgeni na mlinzi

Msidhani kwamba hili ni tatizo la Ziwani peke yake. Huko Kanada na Alaska kuna pikipiki zisizo na magurudumu, zinazoteleza juu ya theluji kwa ski mbili za mbele na mkanda wa mpira nyuma. Aliyezifanya zienee ni Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, ambaye mwaka 1959 alitoa ile iliyoitwa Ski-Doo. Waendeshaji wake hufunga kifaa cha GPS kwenye usukani ili wasipotee, kwa kuwa theluji hufunika njia yote ikawa nyeupe tupu. Nao wana hofu ileile ya betri, tena kubwa zaidi, kwa sababu baridi kali hupunguza nguvu ya betri, na mtu aliyekwama huko porini hawezi kuita mkokoteni.

Lakini kuna tofauti moja ambayo ndiyo kiini cha mambo. Kile kifaa cha kwenye usukani humtumikia mwendeshaji. Mwendeshaji akiondoka, hakina kazi. Kwa hiyo mahali pake ni nyuma ya ufunguo: ufunguo ukifungwa, nacho kizimike. Hapa kwetu ni hivyo hivyo kwa soketi ya kuchajia simu, redio na zile taa za rangi ambazo vijana wa bodaboda wanazipenda. Hivyo vyote ni wageni. Mwenye nyumba akitoka, wageni nao watoke.

Traka si mgeni. Traka ni mlinzi, na kazi yake inaanza pale mwenye nyumba anapoondoka. Ukimfungia mlinzi nje ya jikoni kila unapolala, usishangae siku ya mwizi ukimkuta amezimia kwa njaa. Hilo ndilo kosa la fundi wa pili.

Basi tufanyeje? Tumpe mlinzi chakula na tukose Jumatatu? La. Jibu lake utalipata kwa ndovu.

Katika nchi hii, watafiti wa ndovu wamekuwa wakiwavisha wanyama hao mikanda ya GPS shingoni tangu miaka ya 1990. Miongoni mwao ni shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka 1993 na ambalo linafanya kazi Samburu. Ndovu hana injini ya kujaza betri. Hata hivyo mkanda hufanya kazi kwa muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Siri yake ni usingizi. Kifaa hakikai macho saa zote. Huamka, kwa mfano mara moja kwa saa, kikapima mahali kilipo, kikaandika, kisha kikalala tena.

Traka nzuri ya pikipiki imeumbwa na akili hiyo hiyo. Injini ikizimwa, inalala, na ndani yake kuna kihisi kinachotambua mtikisiko. Pikipiki ikiguswa au kusukumwa, inaamka na kuanza kutuma habari. Ikilala, nyingi hutumia miliampea chache tu. Tuseme 5. Zidisha na zile saa 33: unapata miliampea-saa 165, sehemu moja ya kumi ya hasara ya kwanza.

"Sasa mbona ya mpwa wangu haikulala?" nilimwuliza mzee.

Waya wa tatu

Mzee alicheka, akachukua traka kuukuu kutoka kwenye sanduku lake na kunionyesha nyaya tatu.

Wa kwanza ni wa umeme unaoingia, nao huunganishwa na upande wa chanya wa betri. Wa pili ni wa hasi, nao huenda kwenye upande wa hasi au kwenye chuma cha fremu. Wa tatu ndio watu wengi wasioujua. Huu hauleti chakula, unaleta habari. Unapaswa kuunganishwa na waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa. Ukiona umeme, traka inajua mwenyeji yupo na safari imeanza. Umeme ukikatika, inajua mwenyeji ameondoka, nayo inaweza kulala.

"Mafundi wenye haraka," alisema mzee, "huukunja waya wa tatu pamoja na wa kwanza na kuuweka wote kwenye betri. Ramani inaonekana, mteja anafurahi, analipa. Lakini kifaa kinaambiwa usiku kucha kwamba injini inanguruma. Kitalalaje?"

Nilimpigia mpwa wangu simu palepale. Akakumbuka vizuri. Fundi wa kwanza alikuwa amezisokota nyaya mbili pamoja.

Wakati huo dada yangu alikuwa amepokea zamu yake katika chama cha akina mama. Fedha hizo zilikuwa za karo ya bintiye aliyeko chuoni, lakini waliketi na kuamua kununua pikipiki kuukuu, kwa sababu bila pikipiki hakuna mkopo utakaolipwa wala karo ya muhula utakaofuata. Binti akakaa nyumbani muhula mmoja. Hakulalamika, ila naye alikuja siku ile ya kufunga traka mpya, akasimama kando akitazama kila waya.

Siku ya kufunga upya

Nimeandika hapa hatua zilizofuatwa na mzee, ili nawe ujue la kumwuliza fundi wako.

Kwanza alipima betri kwa mita kabla ya kugusa chochote. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri iliyojaa ya volti 12 husoma 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imefika kama nusu, na ikiwa chini ya 12 iko karibu kuisha. Kisha aliwasha injini na kuongeza moto kidogo. Mita ikapanda hadi 14. Akasema ikiwa haipandi kufikia kama 13.5, basi usilaumu traka, kwa sababu mfumo wa kujaza betri wenyewe una kasoro.

Pili, alifungua nati ya waya wa hasi wa betri kwanza, na wakati wa kurudisha aliufunga huo mwisho. Hivyo spana ikigusa fremu hakuna cheche kubwa.

Tatu, alipeleka waya wa chanya moja kwa moja kwenye betri, lakini akaweka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri. Waya ukichunwa na mtikisiko na kugusa chuma, fyuzi itakatika badala ya pikipiki kuungua. Fundi wa kwanza hakuwa ameweka fyuzi yoyote.

Nne, aliutafuta waya wa ufunguo kwa mita. Hakukisia kwa rangi, maana rangi hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, na kati ya traka na traka. Alifungua ufunguo, mita ikaonyesha volti 12. Akaufunga, ikaonyesha sifuri. Hapo ndipo alipounganisha waya wa tatu.

Tano, viungo vyote alivilehemu, hakuvisokota tu, kisha akavifunika kwa bomba la plastiki linalobana likipata joto. Barabara zetu mnazijua, na mvua za Aprili mnazijua. Kiungo kilichosokotwa na kufungwa kwa tepu huingia maji, kikaota kutu, na siku moja kikaachana bila kuaga.

Sita, alikiweka kifaa mahali pa siri, upande unaopokea mawimbi ukitazama juu na bila kufunikwa na chuma. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 angani, na mawimbi yake yakifika hapa ni hafifu sana. Plastiki na ngozi ya kiti hayazuii, lakini bati huzuia.

Hapa inafaa niondoe dhana moja ambayo wasomaji wengi wanayo. Setilaiti haioni pikipiki yako. Mfumo huo ni wa Wamarekani, setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, ukakamilika mwaka 1995, na tangu Mei 2000 raia wa kawaida wanapata vipimo bila kupotoshwa kwa makusudi. Lakini setilaiti hutangaza tu, kama redio. Traka husikiliza, hupiga hesabu ya mahali ilipo, na kisha ni laini ya simu iliyo ndani yake inayokuletea habari. Kwa hiyo laini ikiisha salio, au ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, mlinzi wako ni bubu. Tena anayeshika neno la siri la traka ndiye anayejua unakolala na unakokwenda. Libadilishe siku hiyo hiyo ya kufunga.

Jaribio la chai

Hatua ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha zaidi, na ndiyo ningeomba usiisahau hata ukisahau nyingine zote.

Mzee aliufunga ufunguo wa pikipiki, akatoa waya wa hasi wa betri, akaiweka mita katikati ya betri na waya huo, ikiwa imewekwa kupima ampea. Sasa umeme wote unaotoka ulilazimika kupitia kwenye mita. Alituonya sana: mita ikiwa hapo, mtu asiguse ufunguo wala kitufe cha kuwashia, kwa sababu mota ya kuwashia huvuta umeme mwingi na itaiunguza mita.

Mita ikasoma miliampea 50 hivi. Mpwa wangu akanitazama kwa hofu.

"Tunywe chai," mzee akasema.

Binti wa dada yangu akaleta chai. Tulikunywa kimya, macho yote kwenye mita. Baada ya kama dakika kumi, namba zikaanguka ghafla hadi 5. Traka ilikuwa imelala.

"Msukume," mzee akamwambia kijana, akionyesha pikipiki kana kwamba ni mtu. Kijana akaitikisa kidogo. Namba zikaruka juu tena, na sekunde chache baadaye simu iliyo mfukoni mwake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa tahadhari. Dada yangu, ambaye alikuwa akitazama kutoka mlangoni, akaingia ndani bila kusema neno. Nadhani alikwenda kulia.

Mpenzi msomaji, fundi akikwambia kazi imekwisha kwa sababu ramani inaonekana, mwombe afanye jaribio hili. Asiyetaka kungoja chai ipoe hajamaliza kazi. Na kama traka imefungwa na waliokukopesha, usiikate wala kuihamisha mwenyewe, kwa maana huenda ukavunja mkataba. Waendee, uwaambie wapime umeme inaotumia ikiwa imelala. Una haki ya kuuliza hivyo, kwani betri inayokufa ni yako.

Kuna jambo moja zaidi. Traka nyingine zina waya wa nne wa kuzima injini kutoka mbali kwa simu. Mzee hakuufunga. Alisema pikipiki ikizimwa ghafla ikiwa mwendoni, mbele ya matatu, anayekufa huenda akawa si mwizi, bali abiria au mtoto anayevuka barabara. Nami nakubaliana naye. Anayeufunga na ahakikishe hautumiki ila chombo kikiwa kimesimama.

Na mwisho, traka haichukui nafasi ya mnyororo mzuri, wala ya jirani mwema. Ikikuonyesha pikipiki iko mahali fulani usiku wa manane, usikimbilie huko peke yako. Nenda na polisi. Chuma hununuliwa tena, mtu hapana.

Mpwa wangu alilipa fungu la mwisho la pikipiki isiyokuwepo mnamo Desemba 2024. Kwa miezi 9 alilipia hewa. Dadake alirudi chuoni, nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja. Mama wa mitumba alikuwa amekwisha kupata bodaboda mwingine, na haki yake, lakini Jumatatu nyingine humwita kijana wetu yule mwingine akikosekana. Saa 11 alfajiri kitufe kinabonyezwa pale uani Ziwani, na pikipiki inaitika.

Chini ya kiti, nyaya tatu ziko kila mmoja mahali pake. Wawili wanalisha, mmoja anaarifu. Ilitugharimu pikipiki nzima kujua tofauti hiyo. Wewe umeipata kwa bei ya gazeti.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.